Shule ya Nusu Siku

Jumapili, 22 Septemba 1963

Odessa amechoka na mume bubu. Anasema narudi kutoka kazini, nakula, natazama ukuta, nalala, na kwamba angeolewa na ukuta wenyewe asingeona tofauti. Basi leo ameniwekea daftari hili mezani na kalamu ya binti yetu Earlene juu yake. "Kama huwezi kuongea na mimi, ongea na hili." Nimesoma mpaka darasa la sita, na hilo la sita ni la kuonjaonja. Maandishi yangu yanalala upande kama mlevi. Lakini nimeanza.

Earlene amerudi leo kutoka Mississippi kwa mama yangu. Tulimpeleka Juni shule ilipofungwa, kama watu wote wa mtaa huu wanavyowapeleka watoto wao kusini. Alitakiwa arudi mwisho wa Agosti. Mama akapiga simu kutoka dukani: pamba imepasuka vizuri mwaka huu, mikono haitoshi, mwache mtoto mpaka tuvune. Nikasema sawa. Odessa akanitolea macho. Nikamwambia wiki tatu ni kitu gani? Kwetu shule ilifunguliwa pamba ikiisha. Hakuna mwalimu aliyethubutu kugonga kengele wakati mwenye shamba anataka mikono. Nimekaa Chicago miaka mitano na sijaona ua moja la pamba hapa, lakini kichwani mwangu shule bado inafuata pamba.

Alishuka kwenye treni amerefuka, vidole vimechanikachanika. Odessa aliviona vile vidole kabla hajautazama uso.

Jumapili iliyopita huko Birmingham bomu limeua wasichana wanne kanisani. Tangu siku ile hatukulala vizuri mpaka treni ilipoingia.

Jumatatu, 23 Septemba

Niliomba ruhusa ya asubuhi nikampeleka Earlene Shule ya Harlow mwenyewe. Mwalimu mkuu ni mzungu, Bwana Haldane, mtu mpole, mwenye sauti ya daktari.

"Bwana Tarver, shule imefunguliwa tangu mwanzo wa mwezi."

"Alikuwa kwa bibi yake, bwana. Mavuno."

"Mavuno," akasema, kama mtu aliyetiliwa kitu kibaya kwenye sahani ya wageni.

Akanipeleka mwenyewe mpaka mlango wa darasa la tano. Watoto wamejazana, wawili wamekaa kwenye kingo za dirisha. Mwalimu wao, Miss Pettway, ni mweusi kama sisi, amevaa viatu vya kisigino na shingo kaiweka juu juu. Nilimsalimu. Aliitikia bila kugeuka. Nikasema moyoni, haya, huyu naye kazaliwa kaskazini, kwake sisi hatunukii.

Kiti cha Earlene kimechukuliwa. Bwana Haldane alisema anachoweza ni kumweka nje uwanjani, kwenye vile vibanda vya bati vilivyoletwa na lori, pamoja na darasa la nne alilokwisha kulipita, kipindi cha asubuhi. Saa sita mchana anatoka na wengine wanaingia. Mwezi wa Desemba atapewa mtihani. Akifaulu, na kiti kikipatikana, atarudi darasa lake na kusoma siku nzima.

Nilisema, "Ndiyo, bwana. Asante sana, bwana."

Jioni nikamweleza Odessa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu. "Ukamshukuru?"

Jumanne, 24 Septemba

Kazi yangu ni ya kiwanda cha nyama, chini kabisa, kwenye chumba cha ngozi. Ng'ombe anachunwa juu, ngozi inateremka kwetu ingali na moto. Watu wawili mnaikamata, huyu kichwani, yule mkiani, mnaihesabia "haya!" na kuirusha ifunguke juu ya rundo. Kisha mnamwaga chumvi kwa sepetu. Baada ya mwezi mnarudi kuikung'uta ile chumvi. Chumvi inaingia kwenye nyufa za mikono na haitoki mpaka Jumapili.

Mwenzangu wa mkiani ni Cleotha Biggs, mtu wa Arkansas, tunakaa jengo moja, yeye juu mimi chini. Loretta wake na Earlene wangu wamekua pamoja. Nikamsimulia habari za jana.

"Mississippi," akasema, ndivyo anavyoniita, "wewe ni mtu wa ajabu. Umemtoa mtoto shambani, ukamleta kwenye kibanda cha bati, halafu umetoa na asante."

"Arkansas, ninyi kwenu mlikuwa na shule, au mlisomea kwa nyumbu?"

"Kwa nyumbu. Na alitufaulisha wote."

Tulicheka mpaka msimamizi akapiga kelele.

Ijumaa, 27 Septemba

Ngozi. Chumvi. Miguu imevimba.

Jumatano, 2 Oktoba

Nilirudi mapema, mashine ya juu iliharibika. Nikamkuta Earlene amekaa kwenye ngazi ya mbele peke yake na begi lake. Loretta bado yuko darasani. Odessa naye anafua nguo za hoteli mpaka saa moja jioni.

"Tangu saa sita uko hapa?"

"Nilikwenda mpaka kwenye reli nikarudi."

"Kufanya nini?"

"Kutembea. Baba, darasa la nne wanasoma kitabu nilichosoma mwaka jana. Hadithi zote najua zinavyoisha."

 Nilipokuwa mtoto walitutoa darasani kwa sababu ya pamba. Ilikuwa dhuluma lakini uliiona, ilikuwa nyeupe mbele yako shamba zima. Hapa hakuna pamba, na mtoto ametolewa vilevile, amewekwa kwenye ngazi hana anachovuna.

Jumapili, 6 Oktoba

Kanisani leo mke wa Cleotha, Beulah, alisimama baada ya matangazo. Beulah anasafisha nyumba ya mama mmoja mzungu ng'ambo ya reli. Anasema mtoto wa yule mama anasoma shule yenye vyumba vilivyofungwa kwa kukosa watoto, viti vimepinduliwa juu ya madawati. Kutoka Harlow mpaka pale ni mwendo wa kumaliza sigara.

"Sasa niambieni, ndugu zangu," Beulah akasema, "kiti kinaogopa nini kuvuka reli?"

Watu wakajibu kwa kelele. Akatangaza kwamba tarehe ishirini na mbili mji mzima, watoto wetu hawatakwenda shule. Watasoma makanisani, kwenye vyumba vya chini, kwa walimu wa kujitolea. Wakubwa wa elimu wahesabu madawati matupu siku hiyo waone.

Odessa alipiga makofi. Mimi nilikuwa nafikiria yale maneno, kanisani, chini. Ndipo walipokuwa wale wasichana wa Birmingham.

Alhamisi, 10 Oktoba

Upepo wa ziwani umeanza, huu wanaouita Mwewe. Unamjua kila mtu ambaye koti lake halina vifungo.

Alhamisi, 17 Oktoba

Bwana Haldane alituma niitwe. Nilikwenda na nguo za kazi, mwandishi wake akafungua dirisha harufu yangu itoke.

"Bwana Tarver, mimi simzuii mzazi yeyote," akasema. "Lakini nasikia kuna jambo Jumanne. Mtoto anayengoja nafasi, ni vizuri aonekane anaithamini shule. Unanielewa."

Nilimwelewa. Maisha yangu yote nimeongeleshwa hivyo. Hakuna aliyekutisha, na bado unatoka mlangoni umetishika.

Jumatatu, 21 Oktoba

Tumegombana, mimi na Odessa, kwa sauti za chini ili mtoto asisikie, kwa hiyo amesikia kila neno.

"Watoto wote wa jengo hili hawaendi," Odessa akasema. "Wote. Unataka wako apite katikati yao?"

"Wangu ndiye aliyekosa kiti. Loretta anacho. Ni rahisi kugoma ukiwa na pa kurudi."

"Beulah anagoma kwa ajili ya Earlene, Lonzo! Loretta ana kiti, na mama yake bado anamtoa! Hulioni hilo?"

"Naona mtihani wa Desemba."

"Unamwona Haldane. Umemwogopa, sema."

"Nimemwogopa. Na kanisa nimeliogopa pia. Yule ananiahidi mtihani, hawa wananiahidi nyimbo."

 Kisha akasema kwamba yeye hatampeleka, na mimi nikitaka nimpeleke mwenyewe, nipite naye mlango wa mbele, watu waone ni nani.

Jumanne, 22 Oktoba

Nilimpeleka.

Nataka kuiandika siku hii yote. Tulipotoka, ngazi zilikuwa zimejaa watoto wamevaa nguo za Jumapili, wanasubiri kwenda kanisani. Loretta alikuwa na riboni na miwani yake mipya ya dukani. Akamwambia Earlene, "Njoo, tumekuwekea nafasi." Earlene akanitazama. Nikamwambia twende. Cleotha alikuwa amesimama mlangoni, kaomba ruhusa kazini siku nzima, na watu wa hali yetu hawaombi ruhusa kwa mchezo. Hakunitukana. Alinipisha tu, kama unavyompisha mgeni.

Barabarani kina mama walikuwa wamepanga mstari wakiimba. Beulah akasema, "Ndugu Tarver," nikasema, "Dada Beulah," tukapita.

Harlow ilikuwa kimya kama nyumba ya msiba wenyewe wakiwa makaburini. Sijawahi kusikia viatu vyangu vikilia namna ile. Bwana Haldane alikuwa ukumbini, akampa Earlene mkono, mtoto wa miaka kumi, akamshika mkono kama mtu mzima. Waliofika walikuwa wachache, wote wakawekwa chumba cha Miss Pettway, vibanda vikafungwa kwa siku hiyo. Nikaenda kazini nimechelewa. Siku nzima nilirusha ngozi na mtu nisiyemjua, hajui kuhesabu, mara mbili imenipiga usoni.

Jioni nilimkuta Earlene jikoni anacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu treni.

"Baba! Nimesoma siku nzima! Miss Pettway alileta chungwa lake la mchana akalikata, akatufundisha sehemu. Nusu, robo, thumni. Halafu kila mtu akala sehemu yake. Halafu tukasoma habari za mito. Halafu nikamwuliza swali, akanijibu, nikamwuliza lingine, akanijibu na hilo. Hakuna mtu wa kumzuia mtu. Kila mtu alikuwa na dawati, na mengine yakabaki!"

Kisha kicheko kikamwishia, nikaona kabisa kinavyoisha.

"Yalibaki kwa sababu wenzangu hawakuja," akasema.

Odessa alikuwa anakaanga kambare. Hakugeuka. Mtoto wangu amepata siku moja ya shule kamili, na aliyempa si Bwana Haldane. Wamempa waliokaa nje. Nimelijua hilo nikiwa na uma mkononi, na nikaendelea kula.

Jumatano, 23 Oktoba

Redio inasema watoto waliobaki nje ni malaki. Earlene amerudi kibandani. Wenzake wamemwita kipenzi cha Haldane.

Ijumaa, 25 Oktoba

Cleotha haongei. Anashika mkia, ananitazama begani. Haniiti Mississippi. Ngozi mbili hatukuhesabia, zikaanguka zimejikunja, msimamizi akauliza kama tumelewa.

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua ya barafu. Ngozi. Chumvi. Hakuna neno.

Jumanne, 12 Novemba

Wanasema kiwanda kitapunguza watu mwakani. Wamekuwa wakisema tangu nilipofika.

Ijumaa, 22 Novemba

Rais ameuawa huko Texas. Msimamizi alishuka kutuambia, akakaa juu ya gunia la chumvi, akalia. Cleotha alivua kofia. Tulisimama wote watatu. Baadaye ngozi zikaanza kuteremka tena, maana ng'ombe walikuwa wamekwisha kuchinjwa.

Alhamisi, 28 Novemba

Siku ya Shukrani. Miaka yote tunakula na akina Biggs, meza mbili tunaziunganisha ukumbini. Mwaka huu tulikula watatu. Juu tuliwasikia wakisogeza viti.

Jumanne, 3 Desemba

Mtihani. Earlene anasema ulikuwa mwepesi. Odessa amemsuka vizuri na hajaniambia neno baya siku mbili.

Jumatatu, 9 Desemba

Amefaulu! Bwana Haldane mwenyewe kapiga simu asubuhi na mapema kwa mwenye duka la mtaani, nikaitwa. "Kiti kimepatikana, Bwana Tarver. Nilikuambia tunawakumbuka wanaoithamini shule." Earlene ameingia darasa la tano leo, siku nzima. Nimenunua keki. Odessa amenishika mkono mezani. Nimesema moyoni, basi, umeona? Kuna njia ya kwenda na watu wa namna hii, na mimi naijua.

Jumatano, 11 Desemba

Earlene hakula jana wala leo. Odessa akamwambia ama aseme ama anywe mafuta ya mnyonyo. Akasema.

Kiti ni cha Loretta. Dawati la mbele, karibu na ubao. Loretta amepelekwa kibandani, darasa la nne, kipindi cha asubuhi. Walimwambia ni kwa ajili ya kupunguza msongamano.

"Yeye peke yake?" nikauliza.

"Yeye peke yake."

Odessa akaweka sahani chini taratibu. "Mtoto wa Beulah," akasema.

 Kisha nikasema ambalo nitaliandika kama nilivyolisema, "Utabaki pale. Umefaulu mtihani. Hukuiba." Na kweli hakuiba. Nilifurahi hata wakati huo, ndani, mahali fulani, nilifurahi kwamba safari hii si wangu aliyeko kwenye ngazi.

Jumatatu, 16 Desemba

Baridi ya kukata masikio. Nilimwona Loretta kwenye ngazi saa saba na nusu, nilipotumwa bandarini na lori. Alikuwa na begi magotini. Hakunisalimu, na hana haja ya kunisalimu.

Jumatano, 18 Desemba

Leo Cleotha ameongea. Tulikuwa tumeshika ngozi ya fahali, nzito, yeye mkiani mimi kichwani. Badala ya "haya!" akasema:

"Mtoto wako anaona vizuri pale mbele?"

Sikumwelewa.

"Nauliza tu. Loretta aliwekwa mbele kwa sababu ya macho. Mama yake alikwenda mara nne kuomba kile kiti. Sasa pale kibandani yuko nyuma kabisa, anasema ubao ni ukungu. Nauliza kama wako anaona."

"Anaona," nikasema.

"Vizuri. Kiti kingekaa bure."

Akahesabu, "Haya!" Tukairusha. Tukaendelea mpaka king'ora kilipolia. Angenipiga ningejua la kufanya.

Ijumaa, 20 Desemba

Nimekwenda kwa Bwana Haldane kabla ya kazi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakatoka mengine.

"Nataka Loretta Biggs arudi kwenye kiti chake."

"Na binti yako?"

"Naye apate."

"Bwana Tarver, umeliona lile darasa. Kiti cha pili nitakiweka wapi, kichwani kwangu?"

"Ng'ambo ya reli kuna viti juu ya madawati."

Sijui nilitoa wapi. Ni maneno ya Beulah yale, mimi hata sijawahi kuvuka. Sauti yake ikabaki ile ile ya daktari. Alisema ile ni shule nyingine, watu wengine, na kwamba yeye alidhani mimi ni mtu mwenye shukrani. Alisema nichague. Mtoto wangu abaki, au atoke.

"Nikimtoa, Loretta anarudi?"

"Mama yake, Bi Biggs, ana mambo ya kujifunza kwanza."

Yaani hapana. Nilisimama pale na kofia yangu mkononi. Kama angeniambia Loretta atarudi ingekuwa mtu anatoa kitu na kitu kinafika mahali. Kumtoa Earlene bure, kwa ajili ya kiti ambacho Loretta hatakikalia, huo si wema, ni wazimu. Hayo niliyajua wazi kabisa. Halafu nikasema, "Basi mtoe wangu," nikatoka bila kuaga.

Odessa amenipigia kelele mpaka akina Biggs juu wakaacha kutembea. "Mwezi wa kumi ulitakiwa umtoe ukamwingiza! Sasa ametakiwa kuwa ndani umemtoa! Unafanya kila kitu sawa, Lonzo, ila siku yake!" Earlene amejifungia chooni.

Jumamosi, 21 Desemba

Nilimweleza Cleotha kwenye ngazi, nikitegemea sijui nini.

"Sikukuomba," akasema. Akapanda juu.

Jumatano, 25 Desemba

Beulah ameteremka na sahani ya viazi vitamu, akampa Odessa, si mimi.

Jumatatu, 6 Januari 1964

Shule imefunguliwa. Wote wawili kibandani. Pale darasa la tano, mbele, karibu na ubao, kuna kiti kitupu, Haldane kakataza mtu kukikalia, kwenye shule ambayo tumeambiwa haina viti. Wasichana wetu wanakiona mlangoni wakienda kunywa maji.

Jumatano, 8 Januari

Nimemkuta Miss Pettway kituo cha basi. Nilitaka kuvuka barabara nisimpe taabu ya kutonisalimu. Akaniita.

"Bwana Tarver, wewe ndiye uliyemtoa Earlene?"

"Ndiyo, Miss."

"Ulikuwa ujinga."

"Ndiyo, Miss."

"Usiniambie ndiyo, Miss. Mimi si Haldane." Akatazama kushoto na kulia kama anatafuta basi. Anasema ana miaka saba hapo Harlow na bado ni mwalimu wa muda. Kila Juni wanamwachisha, kila Septemba wanamwita, na mwalimu mkuu akisema hapana basi hapana. Nikamwambia kwetu tunaita kibarua. Akasema hata kwao wanaita hivyo. Mama yake alifua nguo za watu huko Georgia. Hakuwa wa kaskazini hata kidogo. Ile shingo ya juu haikuwa maringo, ilikuwa inambana.

"Sikiliza," akasema. "Asubuhi naita majina, na Haldane anapita kuhesabu. Baada ya chakula cha mchana hapiti. Na mimi baada ya chakula cha mchana huwa sihesabu watoto. Mlango wa upande wa jikoni haufungwi."

"Lakini kiti ni kimoja, Miss."

"Kwani nimekuambia ni viwili?"

Basi likaja. Sikuwa nimemwuliza kitakachompata wakijua. Nadhani hakutaka niulize.

Alhamisi, 9 Januari

Nilipanda ghorofani kwa akina Biggs baada ya kazi, nikagonga. Cleotha alifungua mlango nusu. Nilimweleza yote pale pale nimesimama. Akamwita Beulah, nikarudia kwake.

"Na wakikamatwa?" Beulah akauliza.

"Watafukuzwa hata kibandani. Na yule mwalimu hana kazi."

"Hilo si jibu la kutufariji, Ndugu Tarver."

"Silo."

 Akasema atawafungia mkate wa wote wawili, wasipite nyumbani kula wakaonekana. Cleotha akaufungua mlango ile nusu iliyobaki. Hakuniambia niingie. Hakuufunga pia.

Ijumaa, 10 Januari

Theluji tangu alfajiri. Kazini sikuweza kutulia. Kila king'ora nilidhani ni saa sita. Cleotha naye, nilimwona anatazama saa ya ukutani. Ilipopita saa sita akasema, "Sasa hivi wako mlango wa jikoni." Saa saba akasema, "Sasa ama wamekaa ama wametolewa." Tuliharibu ngozi moja, na haki isemwe, lilikuwa kosa letu sote.

Tulirudi pamoja kwa miguu, Mwewe machoni. Wasichana walikuwa jikoni kwetu na Odessa, soksi zimewekwa juu ya jiko. Nikauliza ilikuwaje.

Earlene akasema Miss Pettway hakuwatazama hata kidogo walipoingia, aliendelea kuandika ubaoni. Darasa zima likanyamaza, hakuna mtoto aliyesema kitu. Wakakaa kile kiti cha mbele, Loretta kushoto upande wa ubao, yeye kulia, nusu kwa nusu, mguu mmoja wa kila mtu ukiwa nje. Wamesoma mito tena, na jiografia ya Ohio.

"Jumatatu tunakwenda tena?" Loretta akamwuliza baba yake.

Cleotha alikuwa bado na theluji kwenye kofia. "Mpaka watakapowaona," akasema.

Earlene anatembea akichechemea. Nikamwuliza ameumia wapi.

"Sijaumia, Baba. Ni huu upande niliokuwa nakalia. Umekufa ganzi."

Odessa ameanza kumsugua kwa mafuta, naye anapiga kelele kwamba anatekenywa.